Umri wa Drusilla

Drusilla alikuwa na miaka arobaini na minane kwa muda wa miaka kumi hivi. Kila karani mpya alipokuja katika shamba lile la chai na kumuuliza umri, alijibu hivyo hivyo bila kupepesa jicho. Karani alimtazama ile mikono iliyokauka, akayatazama na yale meno mawili yaliyobaki chini, akameza mate, akaita mtu mwingine. Nani angethubutu kumbishia? Alichuma mistari ya mbele kabisa, kule kwenye mteremko unaotazama barabara ya Kericho, na kikapu chake kilipofika kwenye mizani hakikuwa cha kuchekwa.

Siri yenyewe, nisikufiche, haikuwa siri. Laini nzima, yaani safu nzima ya nyumba za wafanyakazi, ilijua. Vijana waliochuma karibu naye walikuwa wakipita nyuma yake na kumdondoshea konzi ya majani kikapuni, kisha wakaendelea kuimba kana kwamba hawakufanya lolote. Na Ongeri, nyapara wao, mtu mkali aliyeweza kumfukuza mtu shambani kwa sababu ya jani moja gumu, alikuwa na tabia ya kukohoa na kutazama mawingu wakati huo huo. Wenye shamba walikuwa wametoa amri kwamba mchumaji akitimiza miaka hamsini na mitano apumzishwe, na akipumzishwa, nyumba ya laini irudi kwa kampuni. Katika nyumba ya Drusilla alikaa mwanawe Nyakundi na mkewe na watoto wao, pamoja na Bosibori, mjukuu ambaye baba yake alifariki kitambo. Nyakundi alikuwa kibarua wa kiwandani, leo ana kazi, kesho hana, na kibarua hapewi nyumba. Ile arobaini na minane ya Drusilla ndiyo iliyowakinga wote na mvua ya Kericho, nawe unaijua mvua ya Kericho.

Basi mwaka wa 1971, Bosibori alikuwa akimsugua bibi yake mgongo, mkono ukateleza ubavuni, ukagonga kitu. Kilikuwa kigumu, ukubwa wa kokwa la parachichi, kimejificha kwenye titi la kushoto.

"Magokoro, hii ni nini?" akauliza. Magokoro ndivyo Wakisii wanavyomwita bibi.

"Ni mtoki. Sugua mgongo."

"Mtoki gani unakaa kwa titi?"

"Huo wangu unapenda kukaa hapo. Wewe una wivu?"

Wakacheka. Lakini Bosibori, msichana wa miaka ishirini na miwili ambaye alikuwa amemzika baba na mama, hakucheka sana. Mficha maradhi kifo humuumbua. Akamwambia mke wa Nyakundi, na mke wa Nyakundi akamwambia mumewe kwa maneno machache tu: mama anaumwa kifuani, mpeleke hospitali.

Maneno yalikuwa machache kwa sababu maalumu. Kwa Wakisii, kati ya mzazi na mtoto kuna ukuta unaoitwa chinsoni, heshima na haya vikiwa kitu kimoja. Mwana haingii chumba anacholala mama yake. Hataji mwili wake, hamtanii, hamuulizi mambo ya kike. Ukuta huo haupo kati ya bibi na mjukuu. Hao hutaniana kama wake wenza, na anayewasikia huziba masikio. Lakini Nyakundi alikuwa mwana, tena mwana mwenye adabu zake. Akampeleka mama yake mjini akiwa anamtazama viatu njia nzima.

Daktari aliyewapokea alikuwa Mwailandi mmoja mrefu aitwaye Haloran, na Kiswahili chake kilikuwa cha kuokotezwa mashambani. Muuguzi wake, Sista Chepkemboi, alikuwa Mkipsigis wa Chebunyo na hakujua hata neno moja la Kikisii. Drusilla naye alijua Kiswahili cha mizani tu: weka, ongeza, kilo ngapi. Kwa hiyo baada ya kupimwa nyuma ya pazia, ikawa kazi ya Nyakundi kusimama katikati na kuwatafsiria.

"Mama iko na miaka ngapi?" Daktari akauliza.

Nyakundi hata hakumgeukia mama yake. "Arobaini na nane, daktari."

Daktari akamtazama Drusilla, akaitazama dari, akaandika. Watu wa mashamba aliwaona kila siku, na alijua jua na mzigo humzeesha mtu kabla ya wakati wake.

"Na ile mambo ya mwezi? Mama bado naona, ama imekwisha?"

Hapo ndipo Nyakundi alipohisi jasho likimshuka mgongoni. Aulize vipi? Amwangalie mama yake usoni, mwanamke aliyemzaa, amtamkie jambo hilo? Bora ardhi ipasuke. Akakohoa. Akamwinamia mama yake na kusema kwa Kikisii:

"Mama, daktari anauliza kama unakula vizuri."

"Mwambie nakula."

Nyakundi akamgeukia daktari. "Anasema bado anaona."

Alijua anadanganya, lakini aliona ni uongo mdogo, wa adabu, na tena ulikwenda sambamba na ile arobaini na minane. Daktari akatikisa kichwa kwa huzuni. Akaeleza polepole, Sista Chepkemboi akimsaidia pale maneno yalipomwishia. Uvimbe ule ulikuwa kansa. Ingebidi titi litolewe. Na kwa kuwa mama hajafikia kikomo cha kuzaa, ingebidi wafungue na tumbo wakatoe vifuko vya mayai, maana humo ndimo unamotoka ule utomvu unaoulisha ugonjwa. Ni kazi kubwa, akasema, lakini mama bado ana nguvu, umri wake unaruhusu.

"Kama angekuwa mzee sana," akamalizia, "tungefanya namna ingine."

Neno hilo Nyakundi alilibeba hadi nyumbani, na kadiri alivyolibeba ndivyo lilivyozidi uzito. Alijua hiyo namna nyingine. Si alimwona mzee Obiero wa laini ya chini? Alipelekwa hospitali fulani huko mbali, wakamwangalia, wakamwambia, "Mzee, umekula chumvi, nenda ukapumzike," wakampa aspirini. Alizikwa kabla mahindi hayajachanua. Wazee wanaachwa, Nyakundi alijiambia. Dawa ni ya wenye miaka iliyobaki. Basi akaishikilia ile arobaini na minane kwa mikono miwili, mkono mmoja kwa ajili ya uhai wa mama yake na mwingine kwa ajili ya nyumba, na hakujiuliza ni mkono upi ulioshika kwa nguvu zaidi.

"Watampasua kifua na tumbo," akamwambia mkewe.

Bosibori alikuwa mlangoni. "Baba mdogo, tumbo la nini, na uvimbe uko kifuani?"

"Daktari ndiye anajua."

Msichana alikuwa na la kusema, lakini baba mdogo naye ni baba, na ukuta ule unamhusu hata yeye. Alichofanya ni kufunga leso yake na kusema kwamba siku ya upasuaji ataandamana nao.

Siku hiyo ilipofika mvua ilikuwa imeanza mapema, na wodi ya wanawake ilinuka sabuni na makoti yaliyolowa. Drusilla alikuwa amekaa kitandani ameng'ang'ania kitambaa chake cha kichwa, amekataa katakata kukivua, na kando yake kikombe cha uji aliokatazwa kunywa kabla ya kupasuliwa. Daktari Haloran akaja kumsikiliza moyo kabla ya kumpeleka chumba cha upasuaji. Akasikiliza kwa muda mrefu. Akamwangalia macho kwa tochi, akaona ule mviringo mweupe unaoizunguka mboni ya mtu wa siku nyingi. Akamshika mkono akaugeuza juu, chini. Kisha akamuuliza Nyakundi, kwa sauti ya mtu anayepiga soga tu:

"Wewe ni mtoto wa kwanza?"

Nyakundi alifurahi kupata swali jepesi. "Hapana, daktari. Mimi ni kitinda mimba. Tulikuwa tisa."

"Tisa! Vizuri sana. Na wewe iko na miaka ngapi?"

"Thelathini na saba."

Sista Chepkemboi ndiye aliyepiga hesabu kwanza. Akaziba mdomo kwa kiganja. Daktari akahesabu kwa vidole, akarudia, akavua miwani yake.

"Arobaini na nane, toa thelathini na saba," akasema. "Kumi na moja. Mama alizaa watoto tisa, wote, na hajafika miaka kumi na mbili."

Njia ya mwongo ni fupi, na ya Nyakundi iliishia hapo, miguuni pa kitanda. Daktari hakumfokea. Uso wake ulikuwa umebadilika rangi, na alipozungumza ilikuwa kwa sauti ya chini.

"Ningefungua tumbo ya huyu mama bure. Moyo yake ingeweza kusimama pale juu ya meza. Unajua hiyo?"

"Wanasema nini?" Drusilla akauliza kwa Kikisii. "Mbona huyu mrefu amekuwa kama majivu?"

Nyakundi akageuka, akaukabili ukuta wa wodi, paji la uso likigusa rangi ya kijani iliyokuwa baridi. Hivyo ndivyo mwana mwenye adabu anavyofanya pasipo na mlango wa kutokea. Alipokwisha kugeuka, Bosibori akapata nafasi yake. Akakaa kando ya bibi yake, akamweleza yote kwa Kikisii: miaka aliyopewa, swali lililoulizwa, jibu lililotolewa, na tumbo lililokuwa linataka kufunguliwa.

Drusilla akaangua kicheko. Alicheka hadi wagonjwa wa vitanda vya mbali wakainua vichwa.

"Bado naona! Mimi! Mwambie hayo mambo niliachana nayo wakati baba yako Nyang'au hajaota hata unywele mmoja wa kidevu!"

Bosibori akatafsiri, na Sista Chepkemboi akacheka, na hata daktari akatabasamu. Nyakundi peke yake ndiye aliyekuwa anawaka masikio kule ukutani. Kisha kicheko cha Drusilla kikaisha. Akakaa wima, akapanga mikono mapajani.

"Mwambie sijui miaka ya makarani. Kwetu mtu hahesabiwi hivyo. Lakini kama anataka kujua, asikilize. Mwaka Wajerumani walipoingia mji wa Kisii, mimi nilikuwa na Kemunto mgongoni na Onyancha tumboni. Tulisikia bunduki kutwa nzima kutoka kilimani. Watu wakakimbilia mjini kuchukua vitu madukani, na mimi nikakimbia nao na tumbo langu, nikatoka na blanketi jekundu. Kemunto alilala ndani ya hilo blanketi. Mwaka uliofuata alizikwa nalo."

Bosibori alikuwa akitafsiri, na sauti yake ikapungua.

"Halafu vita vikaisha, ikaja ile homa. Ilimchukua Onyancha pamoja na mdogo wake, Gichana, juma moja. Nilirudi kutoka kumzika mmoja nikamkuta mwingine anatetemeka. Watu walisema mimi nimerogwa. Sikuwa na muda wa kuwajibu. Nikazaa tena. Nikazaa tena. Mwaka nzige walipofunika jua, uchungu ulinipata nikiwa kondeni, peke yangu. Nilijifungua Bitutu chini ya mti uliokwisha kuliwa majani yote, na ardhi yote ilikuwa inatembea. Nilimwinua juu ya kichwa changu, hivi, ili wasimguse."

Akainua mikono yake miwili juu, na wodi nzima ikaiona ile mikono, na hapana shaka kila mmoja akamwona yule mtoto.

"Huyo naye hakudumu. Nyang'au alidumu hadi akanipa huyu Bosibori, kisha lori likamwangusha. Ndio watano hao niliowazika. Na wa mwisho alikuja wakati majirani walikwisha kunicheka, wakisema Drusilla mwenye mvi amekula nini. Huyo hapo anayeongea na ukuta."

Mvua ilikuwa inapiga mabati. Daktari Haloran akaketi kwenye ukingo wa kitanda, akapiga hesabu ya vita na nzige, na alipoitoa alinong'ona.

"Sabini na saba. Na bado nabeba chai."

Nyakundi aliyasikia hayo yote akiwa ameukabili ukuta. Tangu utoto alijua kwamba walikuwa tisa. Ilikuwa ni namba tu, iliyotajwa katika sala. Waliokufa wadogo hawatajwi ovyo. Hakuwahi kumsikia Kemunto. Hakujua lolote juu ya blanketi wala juu ya mtoto aliyeinuliwa juu ya nzige. Alikuwa amelala, amekula na amekua karibu na mwanamke huyu miaka yote hiyo, akidhani anamjua, naye hakuwa anajua hata robo yake. Alihisi aibu, ndiyo, lakini juu ya aibu kulikuwa na kitu kikubwa zaidi, kile kinachompata mtu akisimama mbele ya mlima usiku umeme unapomulika, akaona ulivyo kumbe mkubwa.

Daktari alikuwa anaongea tena, na Bosibori akimfuata neno kwa neno. Tumbo halitaguswa, huko kazi ilikwisha zamani, mwili wenyewe uliimaliza. Na ugonjwa huu kwa mtu wa umri ule, akasema, mara nyingi hutembea polepole. Kuna njia mbili. Ya kwanza ni vidonge vya kila siku, titi libaki, uvimbe usinyae ukipenda. Ya pili ni kutoa titi peke yake, kazi fupi. Mzee mwingine asingemshauri, lakini moyo huu ameusikiliza mara mbili na bado haamini.

Hiyo basi ndiyo ilikuwa ile namna nyingine. Nyakundi alilia kimya kimya pale ukutani alipoelewa.

"Muulize," Drusilla akasema, "angekuwa mama yake angemfanyia nini."

Daktari akafikiri. "Mama yangu alikufa na miaka sitini. Hakuwa na moyo kama hii. Kama alikuwa nayo, ningekata."

"Basi akate. Titi hili limemaliza kazi yake."

Nyakundi hakuweza kunyamaza tena. Alisema bila kugeuka, "Mama, nyumba. Daktari lazima awaandikie kampuni upewe ruhusa ya ugonjwa. Wakijua miaka yako..."

"Nyakundi. Geuka."

Akageuka. Mama yake alikuwa amejifunika blanketi la hospitali hadi shingoni, kwa ajili yake, ili aweze kumtazama.

"Ule uongo wa nyumba ni wangu, mwanangu. Niliuanza mwenyewe, wewe umeurithi tu. Karani anapima majani, sikuona haja ya kumpa watoto wangu. Lakini huyu ananikata. Kama nina arobaini na minane, Kemunto nilimzaa lini? Onyancha na Gichana waliishi wapi? Unataka nilale kwenye hiyo meza na wao wawe hawakuzaliwa?"

"Hapana, mama."

"Mwambie aandike yote."

Na Nyakundi, kwa mdomo wake mwenyewe, akamwambia daktari aandike yote.

Nyumba waliipoteza, nisikudanganye. Kampuni haikuwa na huruma ya namna hiyo, na kabla ya Krismasi walikuwa wamehamia chumba cha kupanga Kipkelion, watu saba na kuku. Ongeri nyapara aliwabebea kitanda hadi barabarani, akakohoa, akatazama mawingu.

Lakini asubuhi ile hayo yalikuwa bado mbele. Walimsukuma Drusilla kwenye kitanda cha magurudumu, kitambaa chake kichwani, maana hata daktari alishindwa kumvua. Mlango ukafungwa. Nyakundi na Bosibori wakakaa kwenye benchi la nje, baba mdogo na binti wa kaka yake.

"Yule wa baada ya Gichana," Nyakundi akauliza mwishowe, "anaitwa nani?"

Bosibori akamtazama kwa mshangao. Kisha akamwambia. Yeye aliyajua majina yote. Alikuwa akisimuliwa kitandani tangu utoto, maana bibi na mjukuu hawafichani. Akamtajia na walio hai, kwa mfuatano wao, na mahali kila mmoja alipozaliwa. Nyakundi akayarudia kwa sauti ya chini, akakosea, akaanza upya. Watu waliopita walidhani anasali. Kemunto wa blanketi. Onyancha. Gichana. Bitutu wa mwaka wa nzige. Alipoyajua vizuri aliyataja yote mfululizo bila kusaidiwa, hadi akafika la tisa, ambalo lilikuwa lake mwenyewe.

Mlango ukafunguka. Sista Chepkemboi akatoka akijifuta mikono, na machozi na kicheko vikimgombania uso.

"Ameamka," akasema. "Anauliza ni nani amekunywa uji wake."